Je, wajua kwa nini benki na ukingo wa mto vina jina moja kwa Kiingereza?

Sentensi ilikuwa fupi: wavuvi wamekaa kwenye "bank" wakitengeneza nyavu. Kazi yetu ilikuwa kuitafsiri. Nikaandika bila kusita kwamba wavuvi wamekaa benki wakitengeneza nyavu zao. Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya darasa, kisha akauliza kama foleni ilikuwa ndefu. Ndipo nilipojua kuwa neno hilo ni ukingo wa mto pia.

Kosa hilo lilisahihishwa siku ile ile. Lililofuata lilidumu miaka. Nilijiaminisha, na baadaye nikawaaminisha wengine, kwamba hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati tu, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Kamusi zilinipa kiburi, maana nyingi huyaandika kama maneno mawili, kila moja na namba yake. Sikujua kwamba namba zile hueleza zaidi neno limeingia katika Kiingereza kwa mlango gani. Watoto wa baba mmoja wanaweza kuingia ukumbini kwa milango tofauti, na mpokea wageni akawaandika kama watu wasiojuana.

Baba mwenyewe hajawahi kuonekana. Ni neno la lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia, lugha isiyoacha vitabu, hivyo wataalamu huliunda upya kwa kulinganisha sura za watoto. Wanachokubaliana ni kwamba lilitaja kitu kirefu kilichoinuka, bapa kwa juu. Kiwe cha udongo au cha mbao, si hoja.

Cha udongo kilikwenda Skandinavia. Kwa Kideni hadi leo "bakke" ni kilima. Wadeni na Wanorwe walipovamia Uingereza na kisha kuhamia huko, hasa baada ya jeshi lao kubwa kutua mwaka 865, waliacha maneno mengi, na hili linahesabiwa miongoni mwake. Kufikia miaka ya 1200 hivi Waingereza walikuwa wakiuita ukingo wa mto "bank".

Cha mbao kilikuwa tayari Uingereza, ila kwa sura nyingine: "bench". Hapa ndipo watu hukataa undugu. "Bank" na "bench" zinafanana wapi? Mswahili na atazame maneno yake mwenyewe. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi. Ile "k" ya pika na andika imekwenda wapi? Imekutana na "i" nyuma yake ikalainika ikawa "sh". Kiingereza cha kale kilipitia jambo la namna hiyo hiyo. Sura ya kale ya "bench" inadhaniwa kuwa na "i" mwishoni. Ikailainisha "k" ikawa "ch", ikaivuta na "a" iliyotangulia ikawa "e", kisha yenyewe ikapotea kama mtu aliyehamisha fanicha za nyumba nzima akaondoka bila kuaga. Sura ya Skandinavia haikuwa na "i" hiyo, ndiyo maana "k" yake ilibaki ngumu.

Mlango wa tatu ni wa kusini. Makabila ya Kijerumani yaliingia Italia (Walombardi, kwa mfano, mwaka 568), na Kiitaliano kikapata "banco" na "banca", benchi au meza ndefu. Kabila lipi hasa lililiacha neno hilo pale bado ni mjadala. Ila kilichofanyika juu ya benchi lenyewe kinajulikana vizuri. Miji ya Italia ilikuwa na sarafu zake. Florence ilianza kufua florini ya dhahabu mwaka 1252. Mfanyabiashara aliyefika na sarafu za kwao alihitaji mtu wa kuzipima, kuzikagua na kumbadilishia. Mtu huyo alikaa sokoni nyuma ya ubao mrefu: mizani upande mmoja, vichungu vya sarafu upande wa pili, daftari katikati. Ukihitaji fedha, unakwenda "benchini" kwake.

Ubao uligeukaje taasisi? Kiswahili hufanya hivyo kila siku bila kutuuliza. Baraza ni kile kikalio cha mawe na chokaa mbele ya nyumba za Mwambao, na baraza ni watu wanaokaa kuamua mambo. Hakuna anayetarajia kulikuta Baraza la Mawaziri limepangana kwenye kibao cha saruji. Ukienda polisi unaelekezwa Dawati la Jinsia, nalo ni askari na mafaili, si meza. Mchezaji anayesugua benchi kweli amekaa, lakini benchi la ufundi ni kocha na wasaidizi wake, na kocha huenda akasimama dakika zote 90. Kitu hutaja mahali, mahali pakataja kazi, kazi ikawataja wenye kazi, na mwisho kitu chenyewe kinaweza kuondolewa bila mtu kukishtukia. Wagiriki walifika huko huko bila msaada wa Wajerumani: "trapeza" kwao ilikuwa meza, na ndilo jina la benki Ugiriki hadi leo. Meza za wabadili fedha anazopindua Yesu katika Mathayo 21:12 zimeandikwa kwa neno hilo hilo.

Kutoka Italia neno lilipita Ufaransa, likaingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 15, na kumkuta ndugu yake wa mtoni amekwisha kuota mizizi. Sisi tukalipokea kwa Kiingereza tukasema benki, na kwa mkono mwingine tukachukua benchi. Kwa hiyo mteja anayesubiri zamu akiwa kwenye benchi la benki amekalia neno moja ndani ya neno lile lile.

Maana nyingine ni matawi tu. Ndege inapolala upande kwenye kona, Waingereza husema "bank", kwa sababu ya mteremko wa ukingo. Benki ya damu ni sitiari ya fedha: jina hilo alilitoa daktari Bernard Fantus huko Chicago mwaka 1937, kwa kuwa hospitali ingeweka akiba na kutoa.

Kwenye "bankrupt", yaani aliyefilisika, naomba tahadhari. Asili yake ni Kiitaliano "banca rotta", benchi lililovunjika, hilo halina ubishi. Lakini hadithi tamu kwamba mbadili fedha aliyeshindwa kulipa alivunjiwa benchi lake hadharani ina ushahidi mwembamba. Huenda "kuvunjika" ni lugha ya picha tu, kama tunavyosema mradi umevunjika bila kutafuta vipande. Neno letu filisika halina benchi lolote. Limetoka Kiarabu, kwenye shina moja na fulusi.

Tangu nijue haya nimekuwa na tamaa ya kuona undugu kila mahali. Kiswahili kina genge, ukingo mkali wa mto au mlima, na kina genge la nyanya na vitunguu, mahali pa biashara. Ukingo na fedha, jina moja! Nilikaribia kufurahi. Kisha nikakumbuka lipo na genge la wahuni, na kwamba genge la vyakula linaelekea kuwa jirani wa hilo, kupitia magenge ya vibarua waliouziwa chakula kazini, kuliko wa ule ukingo.