Programu ya afya kusifiwa na watumiaji si sawa na kuwabadilisha

Watengenezaji wa programu za afya za simu hupenda kumuuliza mtumiaji: je, programu hii inakushawishi? Imekufanya ufikirie upya ulaji wako, mazoezi yako, dawa zako? Majibu hupewa alama, yakajumlishwa, yakaitwa ushawishi unaohisiwa. Kipimo hiki kina kazi yake, ila kimebebeshwa mzigo usio wake.

Dhana: Wakisema inawashawishi, basi inawabadilisha.

Ukweli: Mwaka 2018 mtafiti wa Marekani, Daniel O'Keefe, alikusanya tafiti zilizolinganisha jumbe mbilimbili, aone kama ujumbe uliopewa alama za juu na wasomaji ndio uliofanya kazi zaidi. Ilikuwa hivyo katika asilimia 58 tu ya ulinganisho. Ukirusha sarafu unapata 50. Hizo zilikuwa jumbe, si programu, lakini ukiondoa jumbe kwenye programu nyingi za afya hakibaki kikubwa.

Alama hizo si bure. Zinaonyesha mapema ujumbe unaokera, usioeleweka au usioaminika, kabla fedha hazijateketea. Kosa ni kuzitangaza kama ushahidi kwamba watu wamepona, wamepungua uzito au wanameza dawa.

Dhana: Ukiongeza vikumbusho, nishani na michoro, ushawishi unaongezeka.

Ukweli: Mwaka 2009 Harri Oinas-Kukkonen na Marja Harjumaa wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, waliorodhesha mbinu 28 za kushawishi katika mafungu manne: kumsaidia mtu kwenye kazi yenyewe, kuzungumza naye, kumjengea imani, na kumuunganisha na wenzake. Ni kazi nzuri, lakini si orodha ya kutimiza mpaka mwisho.

Chuo Kikuu cha Pittsburgh kiliwafuatilia vijana 471 wenye uzito uliozidi kwa miezi 24. Wote walianza kwa mafunzo yaleyale ya ulaji na mazoezi. Baada ya miezi 6, kundi moja likapewa kifaa cha kuvaa kinachohesabu mwendo, jingine likajiandikia lenyewe ulaji na mazoezi yake kwenye tovuti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016: wenye kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani, wasio nacho kilo 5.9.

Sasa tazama Kenya. Katika jaribio la WelTel, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea SMS moja kwa wiki: «Mambo?» Mgonjwa alijibu «Sawa» au «Shida», na mhudumu akampigia aliyesema shida au aliyenyamaza kwa saa 48. Hakuna nishani wala mchoro. Matokeo yalitoka mwaka 2010: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopata SMS, dhidi ya 48 ya wasiopata. Kwangu mimi huo ndio mfano wa kufuata, kwa sababu jibu lilitafutwa kwenye damu na nyuma ya ujumbe alikuwepo mtu wa kupiga simu.

Dhana: Swali moja linatosha kupima ushawishi unaohisiwa.

Ukweli: Mtu anaweza kuona ujumbe umeandikwa vizuri na bado usimguse. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2019 na watafiti Rosemary Thomas, Judith Masthoff na Nir Oren hutenganisha ufanisi (je, utanibadilisha mimi?), ubora (je, ni wa kuaminika?) na uwezo (je, unaweza kubadilisha watu?). Swali moja huvichanganya vyote.

Dhana: Waliojibu dodoso ndio watumiaji.

Ukweli: Hao ni waliobaki. Aliyechoshwa na vikumbusho alishaifuta programu wiki ya pili, na hakuna aliyemuuliza. Alama za mwisho wa mradi hupanda hata kama programu haijaboreshwa hata chembe, kwa kuwa wasioridhika wamekwisha kuondoka. Anayetaka kupima kwa haki aulize wiki ya kwanza, watu wote wakiwa bado wapo, kisha baada ya miezi afuatilie kila mmoja alichofanya, pamoja na walioifuta.