Je, wajua kwa nini nyasi ndefu za uwanja wa gofu huhitaji palizi?

Anayetazama mashindano ya gofu ya Scotland huona, kandokando ya njia za kuchezea, nyasi ndefu za rangi ya dhahabu zikiyumba kwa upepo, na ni rahisi kudhani kwamba zimeachwa zijiotee tu. Viwanja vingi vya Marekani vimeiga mtindo huo ili kuokoa maji, mafuta na mbolea, halafu vikavamiwa na magugu, kwa kuwa mashine ya kukata nyasi ilikuwa ikipalilia bila mtu kutambua: gugu refu linalokatwa kila wiki halipati nafasi ya kutoa mbegu.

Hata hivyo, chanzo kikubwa ni rutuba. Festuka, nyasi nyembamba zinazopandwa sana katika maeneo haya, huvumilia mchanga mkavu usio na rutuba, ilhali magugu mengi hutaka naitrojeni na maji. Uwanja uliojengwa juu ya shamba la zamani, tena wenye vinyunyizio vinavyorusha maji hadi pembeni, huyalisha magugu hayo. Na mchezaji naye hutaka nyasi ziwe chache ili auone mpira wake, jambo linaloruhusu mwanga kuifikia ardhi na mbegu za magugu kuota.

Ndiyo maana mtunzaji makini hukata nyasi hizo mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya mbegu zake kupukutika, kisha huziondoa kabisa, maana zikiozea pale hurudisha naitrojeni ileile ardhini. Nchini Uingereza wapo wanaopanda Rhinanthus minor, mmea wenye maua ya manjano ambao mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya nyasi na kuinyonya, hivyo nyasi zilizostawi kupita kiasi hupungua nguvu.

Msumbufu hasa ni mbigili aina ya Cirsium arvense. Ukiung'oa, kipande kidogo cha mzizi kinachobaki huchipua upya. Dawa hufaa zaidi ikipigwa majira ya kupukutika majani, kabla ya baridi, wakati mmea unateremsha chakula mizizini, kwani dawa nayo husafiri kwa njia hiyohiyo. Kwa nyasi vamizi, ambazo mtu angedhani haziwezi kuuawa bila kuiua festuka, kuna dawa iitwayo sethoksidimu: huua nyasi nyingi, lakini festuka nyembamba huivumilia.