Je, wajua kwa nini ruta "iliyokufa" baada ya kuflashiwa huwa bado ina uhai?

Ruta ikishindwa kupokea fimwea mpya (programu inayoiendesha; kuiandika upya ndiko kuflashi), dalili ni zile zile karibu kwa kila mtu: taa ya umeme inawaka, ya waifai haiwaki, ukurasa wa mipangilio haufunguki, na jina la mtandao wa nyumbani limetoweka kwenye simu. Mafundi husema imekuwa tofali. Yangu ya kwanza ilifikia hapo jioni moja umeme ulipokatika katikati ya kazi. Niliiweka kabatini miezi kadhaa nikiamini imekwisha. Kumbe kila ilipowashwa ilikuwa inanisubiri sekunde chache, ikisikiliza kwenye waya kama kuna anayeisemesha, na mimi sikulijua hilo.

Inawezaje kusikiliza ilhali fimwea yake imeharibika? Jibu limo katika namna kumbukumbu yake ilivyogawanywa.

Chukua TP-Link TL-WR841N toleo la 9, ile ruta nyeupe ya antena mbili. Chipu yake ya hifadhi ina megabaiti 4 tu, yaani kilobaiti 4,096. Ione kama nyumba ya vyumba vitatu. Kilobaiti 128 za mwanzo ni za butiloda, programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote na kuziamsha zilizobaki. Kilobaiti 64 za mwisho huitwa ART: humo mna vipimo vya redio ya kifaa hicho kimoja, vilivyochukuliwa kiwandani. Kilobaiti 3,904 za katikati ndizo za fimwea. Unapoflashi kwa njia ya kawaida unavunja na kujenga upya chumba cha katikati tu. Butiloda haiguswi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayobaki hai.

Basi kwa nini umeme kukatika kuna madhara makubwa hivyo? Kwa sababu chipu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima kwanza ifutwe, tena bloku nzima kwa mkupuo, kwa kawaida kilobaiti 64. Biti zote hurudi kuwa 1, ndipo kuandika kunapoanza kwa kugeuza zile zinazohitajika ziwe 0. Kwa hiyo fimwea ya zamani huondoka kabla mpya haijakamilika. Ukichomoa waya katikati, hubaki nusu ya kitu, na butiloda ikifika hapo haikuti cha kuamsha.

Hata hivyo, kabla hujatafuta tiba, hakikisha kuna ugonjwa. Nimeona ruta nyingi nzima zikihesabiwa maiti, hasa za watu waliohamia OpenWrt, mfumo huria unaotokana na Linux. OpenWrt ikishawekwa, kwenye vifaa vingi waifai huwa imezimwa hadi uiwashe mwenyewe. Anayeitafuta kwenye simu haioni, anashtuka, anachomoa umeme, na pengine hapo ndipo anapoiharibu kweli, kwa sababu uwashaji wa kwanza huandaa hifadhi na huchukua dakika kadhaa. Jambo la pili ni anwani: ruta iliyokuwa ikifunguka kwa 192.168.0.1 sasa iko 192.168.1.1. La tatu, ukichukua toleo la majaribio, lile linaloitwa snapshot, halina ukurasa wa mipangilio kabisa. Kivinjari kitakataa nawe utalazimika kuingia kwa SSH, njia ya kuiamuru ruta kwa maandishi kupitia mtandao. Chomeka kebo ya mtandao kwenye tundu la LAN, ngoja dakika tano, jaribu 192.168.1.1, kisha jaribu SSH. Ni hatua ndogo, na zimeokoa ruta nyingi kuliko kifaa chochote cha fundi.

Ikiwa kweli haijibu, swali la kujiuliza ni moja: ni chumba kipi kimeharibika?

Huenda fimwea ni nzima ila mipangilio imevurugika. Hili hutokea sana mtu anapobeba mipangilio ya zamani na kuiingiza kwenye fimwea isiyoielewa. OpenWrt ina mlango wa dharura kwa ajili ya hali hiyo. Washa ruta, taa ikianza kupepesa haraka bonyeza kitufe cha riseti, nayo itawaka bila kusoma mipangilio yoyote. Ipe kompyuta yako anwani 192.168.1.2, ingia kwa SSH kwenye 192.168.1.1, andika amri firstboot, kubali, kisha reboot. Mipangilio yote itafutika na utaanza upya.

Ikiwa fimwea yenyewe imevunjika, taa hazifiki kwenye kupepesa huko, au ruta inajizima na kujiwasha bila kukoma. Hapa unaongea na butiloda moja kwa moja. Lugha yake ni TFTP, njia ya kuhamisha mafaili iliyofanywa kanuni rasmi mwaka 1981, nyepesi kiasi cha kuenea ndani ya programu ya kilobaiti 128. Kila kampuni ina desturi yake. Linksys WRT54G ya mwaka 2002, ambayo OpenWrt ilichukua herufi zake ilipoanza Januari 2004, husubiri kutumiwa faili. TL-WR841N hulifuata yenyewe. Ukiiwasha huku umeshikilia kitufe cha riseti, hujipa anwani 192.168.0.86 na kwenda kuomba kwa kompyuta yenye anwani 192.168.0.66 faili lenye jina wr841nv9_tp_recovery.bin. Jina likikosewa herufi moja, hupati kitu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na karibu mara zote kosa liko kwenye kompyuta. Weka anwani kwa mkono badala ya kuiacha ijitafutie. Zima waifai ya kompyuta ili isichague njia nyingine. Zima ngome ya Windows kwa muda huo, maana huzuia mlango namba 69 ambao TFTP huutumia. Halafu kuna kikwazo kisichoonekana: ruta ikizimwa, kompyuta huona kebo imechomolewa, na ikiwashwa Windows huchukua sekunde kadhaa kuitambua tena, wakati butiloda imeshaomba na kukata tamaa. Weka swichi ndogo ya mtandao kati yao, kompyuta kwenye tundu moja na ruta kwenye jingine. Kompyuta haitaona mabadiliko yoyote, na ombi litaikuta iko tayari. Mimi nilihangaika siku mbili kabla ya kuambiwa habari ya swichi, kisha ruta ikapona mara ya kwanza nilipojaribu.

Usibahatishe kama butiloda iko hai. Fungua Wireshark, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya, kwenye kompyuta kisha washa ruta. Ukiona hata pakiti moja ikiuliza nani mwenye 192.168.0.66, ujue chumba cha mwanzo ni kizima na kilichobaki ni subira. Kwa ruta za zamani zenye chipu za Broadcom, kama WRT54G, ping, amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, inatosha: jibu lenye TTL (namba inayoonekana ndani ya jibu) 100 limetoka kwa butiloda, lenye 64 limetoka kwa Linux. Namba hiyo moja inakuambia ruta imefika wapi katika kuamka.

Mengi ya haya yasingetokea kama faili sahihi lingechaguliwa. Lenye neno factory ni la kutoka kwenye fimwea ya kiwandani kwenda OpenWrt. Lenye sysupgrade ni la aliyekwishafika huko. Kisha geuza ruta usome toleo kwenye kibandiko cha chini, kwa sababu jina la kibiashara halikuambii kilichomo ndani. TL-WR841N toleo la 13 ina megabaiti 8 za hifadhi na 64 za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Toleo la 14 lililoifuata likarudi kwenye 4 na 32. OpenWrt tangu toleo la 21.02 la mwaka 2021 inataka angalau 8 na 64. Kwa hiyo kwenye ruta mbili zenye jina moja kwenye boksi, moja inafaa na nyingine utaisumbua bure. Linganisha pia SHA256, alama ndefu inayokokotolewa kutokana na faili zima, ya faili ulilopakua na ile iliyochapishwa, hasa kama bando lilikatika-katika wakati wa kupakua. Na uflashi kwa kebo, si kwa waifai.

Kuna pia mtego wa kurudi kutoka OpenWrt kwenda fimwea ya kiwandani. Mafaili ya kiwandani ya TP-Link yenye neno boot katika jina hubeba butiloda ndani yake, baiti 131,584 mwanzoni. Ukiliingiza faili hilo kutoka OpenWrt bila kuzikata kwanza, butiloda hiyo huandikwa pale fimwea inapotakiwa kuanza, na ruta haikuti cha kuamsha.

Ikiwa butiloda nayo imekwenda, au hakuna pakiti hata moja, kazi inahamia mezani kwa fundi. Ubao wa ruta huwa na vituo vinne vya bandari ya mfululizo (serial), ile ya kusoma maneno ya ruta inapoamka: TX, RX, GND na umeme. Unaunganisha vitatu, cha umeme unakiacha, na adapta ya kuviunganisha na kompyuta iwe ya volti 3.3, kwa sababu ya volti 5 inaweza kuunguza chipu. Kwenye skrini, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, utasoma inakwama wapi. Pasipo neno lolote, hubaki kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja, kama CH341A, na klipu ya miguu minane inayoibana chipu ikiwa ubaoni.

Lakini hapo huwezi kutia nakala ya ruta ya jirani ukaridhika. Butiloda na fimwea zinaazimika, ART haiazimiki. Ukitumia ya mwingine, redio itafanya kazi kwa vipimo visivyo vyake, na waifai itakuwa dhaifu bila wewe kujua sababu. Siku OpenWrt inapokubali kuwaka kwa mara ya kwanza, kabla hata ya kuweka nenosiri la waifai, andika cat /proc/mtd uone sehemu iitwayo art ni ya ngapi, inakili, na uihifadhi kwenye flashi ya USB pamoja na namba ya ruta hiyo.