Fundi wa rangi, maziwa hayaoshi kifua: maswali na majibu

Zahanati ninayofanyia kazi iko Eastlands, Nairobi, hatua chache kutoka safu ya gereji ambako magari yaliyogongwa hunyooshwa, hupakwa fila, hupigwa msasa, kisha rangi. Mimi ni afisa wa kliniki, lakini mtaani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, nami nimechoka kubishana. Mafundi wa rangi huja jioni, baada ya kazi. Kabla hawajaketi nawatambua: nyusi zina unga wa rangi ya fedha, kucha zimekauka kama magamba, na mara nyingi mkononi mna paketi ya maziwa. Hiyo paketi, wanayoamini inaosha kifua, ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna nini ndani ya rangi kinachodhuru?

Rangi za magari na za vyuma huwa na unga wa rangi, gundi ya kuushikisha, na kiyeyushi cha kuifanya iwe nyepesi ipite kwenye gani, yaani bunduki ya kupulizia rangi. Thina ni viyeyushi vitupu: toluini, zailini, asetoni na wenzao. Rangi ikikauka, kiyeyushi hakijapotea, kimepanda hewani, na aliye karibu amekivuta. Zile za 2K, yaani za kuchanganya sehemu mbili, pamoja na klia, ile ya juu inayong'aa isiyo na rangi, huongezwa hadena ya kuzigandisha, na hadena nyingi zina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Likariri jina hilo hata kama linakwama ulimini, nitalirudia.

Daktari, nikinywa maziwa baada ya kupuliza si yanaosha kifua?

Hapana.

Maziwa hupita njia ya chakula, hufika tumboni, basi. Mvuke wa thina hupita njia ya hewa hadi mapafuni, na kutoka hapo huingia kwenye damu na kufika kichwani ndani ya dakika chache. Paketi inapofunguliwa, sumu imeshapita zamani. Siku maziwa yatakapofika kifuani kweli, hutakuwa umesafishwa, utakuwa umepaliwa, nasi tutakuwa tunakukimbiza na oksijeni.

Na maziwa ya mala?

Hapana. Wala supu, wala soda, wala tangawizi.

Lakini tajiri wetu hutununulia kila siku. Kama hayasaidii, mbona anatumia pesa?

Kwa sababu paketi ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa yenye vichujio. Sisemi ana nia mbaya, huenda naye alifundishwa hivyo alipokuwa mwanagenzi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wanaoshika vitu vya hatari vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Maziwa si kifaa cha kujikinga. Yapokee, uyanywe na chapati, kisha udai barakoa.

Fundi wetu mkuu amefanya kazi miaka ishirini kwa maziwa tu na yuko sawa.

Umemwona aliyebaki. Wale ambao vifua viliwashinda walirudi nyumbani au wakaanza kuuza mitumba, hawako gereji uwahesabu. Na huyo mkuu mwenyewe, mwulize anapandaje ngazi.

Kwa nini kifua kinanibana usiku, na mchana kazini nilikuwa mzima?

Hapa naomba usome polepole. Aisosayaneti inaweza kuufundisha mwili kuichukia. Unaweza kupuliza miezi au miaka bila shida, kisha siku moja mwili unakataa. Tangu hapo hata kiasi kidogo, hata jirani akipuliza upande wa pili wa mabati, njia za hewa hujikunja na kuvimba. Hiyo ni pumu ya kazini. Na mara nyingi haianzi papo hapo, huja saa kadhaa baadaye, wewe uko kitandani, unakohoa kikohozi kikavu, kifua kinalia kama filimbi. Kwa kuwa gani uliiweka chini tangu jioni, lawama zinaenda kwa baridi ya Julai, vumbi la barabara, au "homa inayozunguka."

Dalili inayoifichua ni kalenda. Jumatatu hadi Jumamosi kifua kibaya, Jumapili nafuu. Ukienda mashambani wiki mbili unapona kabisa, ukirudi kinaanza upya. Homa haijui siku za kazi.

Nisubiri muda gani kabla ya kuja hospitali?

Usisubiri. Hili ndilo linalonikera kuliko hata maziwa. Mwaka huu alikuja kijana aliyekohoa miezi minane. Alikuwa amemaliza chupa za dawa ya kikohozi nisizoweza kuhesabu, antibayotiki za duka la dawa mara tatu, na inhela, ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, aliyoazimwa na binamu yake. Kila inhela ilipomfungua kifua alirudi kupuliza. Inhela inafungua mlango, haimwondoi mwizi ndani ya nyumba. Pumu hii ikigunduliwa mapema na mtu akaacha kuivuta hiyo kemikali, ana nafasi nzuri ya kupona au kupata nafuu kubwa. Akiendelea miezi na miaka, huenda pumu ikabaki hata akiacha kazi. Na shambulio kali huua.

Kwa hiyo: kikohozi au kubanwa kunakofuata siku za kupuliza, njoo wiki hiyohiyo. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au inhela isipofanya kazi, hiyo si ya kungoja asubuhi. Piga 999 au 112, au panda chochote chenye magurudumu uende hospitali kubwa iliyo karibu. Usinunue maziwa njiani.

Najifunga kitambaa, wakati mwingine barakoa ya corona. Haitoshi?

Haitoshi. Kitambaa huzuia matone makubwa ya rangi, ndiyo maana kinachafuka na kukupa moyo. Mvuke unapita kana kwamba hakuna kitu. Kukilowesha maji hakubadilishi neno. Hata ile barakoa nzuri ya vumbi ni ya msasa, si ya thina.

Kwa rangi za kawaida za thina unahitaji barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mkaa vya kunasa mvuke pamoja na tabaka la kunasa ukungu wa rangi. Ndevu zikipita chini ya ukingo wake, hewa chafu inapita hapohapo, kwa hiyo nyoa. Vichujio vinachakaa. Ukiviacha wazi juu ya benchi vinaendelea kunyonya mvuke usiku kucha, basi vifunge kwenye mkebe wenye mfuniko. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, vimekwisha.

Hadena ni habari nyingine. Aisosayaneti haikupi harufu ya kukuonya, hivyo hutajua kichujio kimekwisha. Kinachofaa zaidi kwa 2K ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Hewa hiyo isitoke moja kwa moja kwenye kompresa, mashine ya kushindilia hewa, ya gereji yenye mafuta bila kuchujwa kwa mtambo wa kazi hiyo, na mdomo wa kompresa usivute hewa palepale mnapopulizia. Najua bei yake. Kama hamna, kazi za 2K zipelekwe kwenye chumba maalumu cha kupulizia mlichokubaliana nacho, mgawane malipo. Na usivue barakoa pindi tu gani inaponyamaza: ukungu usioonekana bado unaelea.

Tunazungushia gari nailoni ili vumbi lisiharibu rangi. Kuna ubaya?

Gari litang'aa, wewe utapikwa ndani. Mvuke wote unabaki humo. Ukilazimika kuzuia vumbi, uache upande wa kuingizia hewa na upande wa kutolea, wenye feni isiyotoa cheche, na usimame upepo unakotoka. Mvuke huo usielekezwe kwa mama anayeuza chakula nyuma ya gereji, yeye hana hata kitambaa. Na mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa: hushuka na kutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la makaa, sigara, au cheche za fundi wa kuchomelea. Wanaowasha jiko ili rangi ikauke haraka msimu wa baridi wananitisha kuliko wagonjwa wote.

Siku hizi siisikii harufu. Nimezoea, sivyo?

Pua imechoka. Mapafu hayajazoea chochote.

Kichwa kinauma, nasikia kama nimelewa, nasahau vitu.

Umelewa kweli, ila kwa thina. Toka nje upate hewa, na siku hiyo usiendeshe gari wala kupanda ngazi. Kulewa huku kukirudiwa kwa miaka, kunaweza kuharibu kumbukumbu na usingizi, na kumfanya mtu awe mwepesi wa hasira. Wake za mafundi huniambia mapema kuliko mafundi wenyewe: "Amebadilika, daktari." Wasikilizeni.

Ninatoa rangi mikononi kwa thina au petroli. Kuna njia nyingine?

Ipo, na iko jikoni: mafuta kidogo ya kupikia, sugua, kisha sabuni na maji. Thina hunyonya mafuta ya ngozi hadi ipasuke, na nyingine hupenya. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Vaa glavu za naitrili, zile nyembamba za mpira huyeyuka upesi. Nguo za kazi zibaki kazini, au zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto.

Mtu amemeza thina akivuta kwa mpira. Tumpe maziwa atapike?

Hapana, hapana, hapana. Hapa maziwa ni hatari ya papo hapo. Akitapika, thina inaweza kuteleza kwenye mapafu na kuyaunguza, na hiyo huua upesi kuliko ile iliyo tumboni. Msimpe kitu anywe, msimtie kidole kooni. Mketisheni, mpelekeni hospitali na chupa yenyewe, hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu kifua kinaweza kubadilika saa chache baadaye. Na ninyi mnaoweka thina kwenye chupa za soda: mtoto hasomi kichwani mwenu.

Nikija, nikuambie nini?

Usiseme "kifua" tu, tutakupa dawa ya kikohozi kama wengine walivyofanya. Sema: "Napuliza rangi." Taja kama mnatumia hadena, kikohozi huanza saa ngapi, na Jumapili kinakuwaje. Omba kipimo cha kupuliza pumzi kwenye mashine. Tusipokuwa nacho, tukuandikie barua ya kwenda kwenye hospitali inayokifanya. Omba pia kazi yako iandikwe kwenye faili, kwa sababu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inahesabu magonjwa yatokanayo na kazi, na bila maandishi ya mapema utabishana mikono mitupu. Mkebe wa hadena usiulete kliniki, utatunukia sote. Piga picha lebo yake kwa simu.