Kuchukuliana maana yake nini, marafiki wanapokwazana?

Hapa Moshi neno hili tunalisikia zaidi siku za harusi: "Mkachukuliane." Marafiki hatuambiwi, ingawa Paulo aliliandikia kanisa zima: "kwa uvumilivu, mkichukuliana katika upendo" (Waefeso 4:2).

Wengi huona ni kuvumilia tu. Lakini kuvumilia unaweza peke yako, umefumba mdomo, mwenzako hana habari. Kuchukuliana kuna ile "-ana" mwishoni, kwa hiyo lazima muwe wawili. Tena ndani yake kuna kuchukua, kazi ya mzigo. Wagalatia 6:2 inasema, "Mchukuliane mizigo." Kwa Kigiriki hapo ni vitenzi viwili: cha Waefeso ni kustahimili mtu, cha Wagalatia ni kubeba. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version imetumia neno moja kote kuwili, na mimi naona Kiswahili kimetufaidisha. Rafiki anayenikera ni mzigo wangu, nami ni mzigo wake.

Kusamehe ni jambo jingine. Wakolosai 3:13 inayataja yote mawili: "mkichukuliana, na kusameheana." Ninavyoelewa, kosa husamehewa, tabia huchukuliwa. Mtu akikusengenya, msamehe. Akiwa mchelewaji tangu mlipokuwa shule, hapo utasamehe nini? Unamchukua alivyo.

Mimi nililielewa kupitia sufuria. Shoga yangu aliazima ile yangu kubwa ya pilau kwa kipaimara cha mwanawe. Ilirudi baada ya wiki tatu, kitako kimeungua, mfuniko hamna. Sikusema kitu, nikajisifu moyoni kwamba nachukuliana naye. Kumbe nimenuna! Simu zake napokea kwa mkato, kanisani nakaa benchi la mbali, na kila akikosea kidogo nakumbuka mfuniko. Upendo "hauhesabu mabaya" (1 Wakorintho 13:5), na kitenzi cha Kigiriki hapo ni cha mahesabu, kama daftari la mkopo la mwenye duka. Daftari langu lilikuwa limejaa.

Mathayo 18:15 inataka umwendee, "wewe na yeye peke yenu." Nikaenda. Alicheka kwanza, akaomba radhi, kisha akaniuliza kama nakumbuka kanga zake nilizojifunga kwenye msiba wa baba. Sikukumbuka hata kidogo. Ziko kabatini kwangu. Mwenzangu alikuwa amenibeba muda wote huo bila kunihesabia.

Wachagga wana jani la sale, ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Nalipenda kwa sababu linamtoa mtu nyumbani kwake. Kununa hakuhitaji hata kuvaa viatu.

Je, uchukue kila kitu? Hapana. Wagalatia 6:5 inaongeza kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Anayekukopa kila mwezi wala halipi, unaweza kumpenda na usimpe tena. Hata Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi, sababu ni Marko, aliyewahi kuwaacha safarini (Matendo 15). Barnaba akamchukua Marko, wakaenda zao Kipro. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."