"Nilianguka bafuni"

Mimi ni mkunga hapa Mombasa, na maneno hayo nimeyasikia miaka mingi kwa mabinti waliotoa mimba kwa siri. Anayeyasema huwa amejikunyata, leso imelowa damu, midomo imempauka, na shangazi yake kasimama kando akimjibia kila swali. Namwomba shangazi atupishe. Kisha namwambia mgonjwa: mwanangu, sikuulizi nikushitaki, nataka kujua umemeza nini na lini, nisije nikakosea tiba.

Anaogopa, na ana sababu. Kama ni Mkatoliki, amefundishwa kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 26, inasema hivyo hivyo. Kwa Waislamu mambo yana tafsili zaidi. Wengi hutegemea hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba wake Ibn Mas'ud, kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Wako wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi walioruhusu kutoa mimba kabla ya hapo kwa udhuru. Ghazali, mwanachuoni wa kale wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa pwani, aliona ni kosa tangu mwanzo, na kosa huzidi mimba inavyokua. Kwa hiyo mtu akiniambia "Uislamu umesema", mimi humuuliza: mwanachuoni yupi?

Linaloniuma zaidi ni la nyumbani. Binti angefukuzwa kwa kubeba mimba nje ya ndoa. Akiitoa analaaniwa na watu wale wale. Aibu ilimfika kabla ya dhambi kutajwa.

Ibara hiyo ya 26 inakataza kutoa mimba, ila mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Kanuni ya Adhabu nayo bado ina vifungo vya jela kwa kosa hilo, ndiyo maana hata wahudumu wenzangu hutetemeka. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kesi ya binti aliyebakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba kienyeji, na baadaye akafariki.

Lakini anayevuja damu tayari ni jambo jingine. Ibara ya 43 inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na sijakutana na padri wala shehe aliyeniambia nimwache afe. Wanaokufa ni wale wanaokaa siku tatu nyumbani, homa imepanda, wakitunga maelezo ya kutueleza.

Juzi shangazi mmoja alirudi na chupa ya chai. Hakuuliza kitu. Alimshika binti mkono mpaka dripu ikaisha.