Simujanja ni nini? Maumbo ya zile za mwanzo na kilichozitofautisha

Simujanja ni simu yenye mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha simu) unaokubali kuongezewa programu zilizotengenezwa na watu wengine, mbali na zile ilizotoka nazo kiwandani, na yenye uwezo wa kuingia intaneti. Kupiga na kutuma ujumbe inafanya kama simu yoyote. Kinachoitenga ni kwamba kesho inaweza kufanya kazi ambayo leo haiifanyi, na mwenyewe asilazimike kununua simu nyingine.

Hapo hakuna neno lolote kuhusu kioo cha kupangusa. Nalisema mapema kwa sababu hapa Dodoma, kuanzia maduka ya simu yanayozunguka Soko la Majengo hadi mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mgawanyo unaosikika ni mmoja: kuna simu ya kupangusa na kuna kiswaswadu. Kwa simu zinazouzwa leo mgawanyo huo unakaribia kuwa sahihi. Kwa simu za mwanzo unapotosha. Simujanja nyingi zilizotangulia zilijaa batani, na zilikuwepo simu za kupangusa ambazo hazikuwa janja hata kidogo. LG Prada, iliyotangazwa mwishoni mwa 2006, ilikuwa na kioo kinachoitikia ncha ya kidole kabla ya iPhone kutangazwa, lakini haikuwa na mfumo wa kupokea programu kutoka nje kama simujanja za wakati huo. Umbo lilikuwa la kesho, ndani ilikuwa simu ya kawaida.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha simujanja za mwanzo, tenga mambo mawili: ujanja, ambao uko kwenye mfumo endeshi, na umbo, ambalo ni jibu la swali gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Swali lenyewe ni hili: mtu ataandika vipi, na ataona vipi, kwenye kitu kinachotakiwa kutosha kiganjani? Kioo kikikuzwa, batani zinakosa mahali. Batani zikiongezwa, kioo kinabanwa. Kila kampuni iligawa nafasi hiyo kwa namna yake, ndiyo maana simu za kati ya 1994 na 2008 hazifanani, wakati za leo ukizipanga mezani zimezimwa huwezi kujua ipi ni ya nani.

Ya kwanza kuuzwa ilitoka IBM na iliitwa Simon. Ilionyeshwa Las Vegas Novemba 1992 ikiwa bado ya majaribio, ikaingia sokoni Marekani Agosti 1994 kwa dola 899 kwa mteja aliyefunga mkataba na kampuni ya simu. Ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na betri yake ilihimili mazungumzo ya takriban saa moja tu. Lakini tazama walivyolijibu lile swali: waliondoa batani za namba wakaweka kioo kirefu cha rangi moja, cha kubonyezwa kwa kalamu au kidole. Ilikuwa na kalenda, daftari la anwani, barua pepe na faksi. Ziliuzwa kama 50,000 kwa miezi sita, kisha ikaachwa. Wazo la kioo kushika uso wa mbele lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni betri, kioo chenyewe na mtandao wa kulibeba.

Nokia ikajibu kinyume. Mwaka 1996 ilitoa 9000 Communicator, iliyokuwa na uzito wa gramu 397. Ikifungwa ni simu nene yenye batani za namba nje. Ikifunuliwa kwa bawaba ya ubavuni, ndani kuna kibodi kamili na kioo kipana, ukaiweka mezani ukaandika kama kwenye kompyuta. Ericsson R380 ya mwaka 2000, ambayo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kunadiwa sokoni kwa jina la simujanja, ilichukua njia ya katikati: batani zilikuwa kwenye kifuniko kilichofunika sehemu ya kioo, ukikifungua unapata kioo kizima cha kugusa. Ilitumia Symbian, mfumo ambao miaka michache baadaye ulienea duniani kupitia Nokia.

Halafu kuna BlackBerry. Ile 5810 ya mwaka 2002 haikuweza kuongewa bila kuchomeka spika za masikioni, maana ilitokana na kifaa cha barua pepe na simu ikaongezwa juu yake. Unaona kipaumbele kilikuwa wapi. Umbo lake lote lilitumikia vidole gumba viwili: kibodi kamili chini, kioo kipana juu, na kipira cha kuzungusha cha kuelekeza mshale kikaja 2006 kwenye Pearl. Curve 8520 ya 2009, iliyowafikia vijana wengi wakati ule wa kupeana PIN (namba za utambulisho) za BBM, huduma ya ujumbe ya BlackBerry, iliondoa kipira ikaweka kibao kidogo cha kupangusia kidole. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida kubwa kwa mahali kama hapa, kwa sababu kipira kinaishi ndani ya tundu, na tundu lolote linakusanya vumbi.

Vumbi ni jambo la kuzingatiwa kikamilifu katika kulinganisha maumbo, ingawa makala za nje hulipita kama halipo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Mvua ikikata, upepo wa kiangazi unaingiza vumbi jekundu kila penye upenyo, na simu ya kusukuma, ile ambayo nusu ya juu inateleza juu ya nusu ya chini, ina upenyo kwa sababu ya umbo lake. Nusu mbili za simu ya namna hiyo zinaunganishwa na utepe mwembamba wa nyaya unaojikunja na kujikunjua kila unapoifungua. Mchanga ukiingia kwenye reli, simu inaanza kukwaruza. Utepe ukichoka, kioo kinakuwa cheupe au giza huku sauti bado inasikika. Fundi simu wa siku zile alikuwa akitambua ugonjwa huo kabla hujamaliza kueleza. Umbo la kipande kimoja lisilo na sehemu inayosogea lilishinda duniani kwa sababu nyingine, lakini kwa mtu wa Bahi au Mpwapwa hiyo peke yake ilitosha kulipendelea.

Simu ambayo kwangu inaeleza dhana hii vizuri kuliko zote ni Nokia 6600 ya mwaka 2003. Ukiitazama ni simu ya batani, nene, imevimba kidogo tumboni, ina kijiti cha kusukumia katikati na kioo cha inchi 2.1. Hakuna kibodi, hakuna kalamu, hakuna kupangusa. Kuandika herufi S ulibonyeza batani ya 7 mara nne. Lakini ndani kulikuwa na Symbian, na hiyo ilikubali programu: kamusi, michezo, vicheza muziki, vikokotoo. Mtu alipata programu kwa rafiki kwa njia ya Bluetooth au kwenye kadi ya kumbukumbu, akaipakia bila kugusa intaneti. Hili lilikuwa na maana hapa kwetu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake nchi ilitegemea sana satelaiti, na intaneti ilikuwa ya polepole na ya bei. Simu iliyotegemea mtandao kwa kila kitu ingekuwa kipande cha plastiki.

Na 6600 ilitumia betri ya BL-5C, ileile iliyokuwa kwenye Nokia 1100, kitochi cha kila mtu. Mwanakijiji asiye na umeme nyumbani aliweza kuchomoa betri akaipeleka dukani kuchajiwa, au akaazima ya kitochi cha jirani. Mfuniko wa nyuma unaofunguka kwa kidole ulikuwa sehemu ya usanifu, na naamini ulikuwa usanifu bora kuliko migongo ya gundi tuliyonayo sasa.

Kuna maumbo yaliyokosea pia. Nokia N-Gage ya 2003 ilisanifiwa kwa ajili ya michezo, imelala kwa upana kama kifaa cha kuchezea, na spika ya kusikilizia ikawekwa ukingoni. Mtu alipopokea simu aliisimamisha ukingo kwa sikio. Tena ili kubadilisha kadi ya mchezo ilibidi uchomoe betri. Walitatua tatizo moja kwa kuliharibu lile la msingi.

Sasa vioo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi. Kuna aina mbili, na zote zinaitwa tachi. Ya kwanza ni ya kubonyea: tabaka mbili nyembamba zimetenganishwa kwa nafasi ndogo, ukizikandamiza zinagusana, na simu inajua wapi zimegusana. Inaitikia kitu chochote, ukucha, kijiti, kalamu, hata mkono wenye glovu, lakini inataka nguvu na kwa kawaida inatambua mguso mmoja tu. Simon ilikuwa hivyo, na hata Nokia 5800 ya mwishoni mwa 2008 ilikuwa bado hivyo, ndiyo maana ilikuja na kalamu. Ya pili inahisi umeme mdogo unaobadilika ncha ya kidole inapokaribia kioo. Haihitaji kubonyezwa, inaweza kufuata vidole viwili kwa pamoja, na inaweza kufunikwa kwa kioo kigumu badala ya plastiki laini. Ukucha mtupu haiujui.

Tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha umbo la dunia nzima. Kioo cha kubonyea kililazimisha vitu vidogo vya kuchomwa kwa ncha ya kalamu. Kioo cha kuhisi kidole kiliruhusu kusukuma ukurasa, na kupanua picha kwa vidole viwili. Kibodi ikawa picha inayokuja ikihitajika na kuondoka kazi ikiisha. Ule mvutano wa miaka kumi na mitatu kati ya kioo na batani ukaisha.

iPhone ilitangazwa 9 Januari 2007 na kuanza kuuzwa 29 Juni, mwaka uleule UDOM ilipoanzishwa. Inchi 3.5, batani moja mbele. Iweke kando ya Nokia N95, iliyoingia sokoni mapema mwaka huohuo. N95 ilikuwa na kamera ya megapikseli 5 inayorekodi video, GPS, mtandao wa 3G, na ilikubali programu za Symbian. iPhone ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 isiyorekodi video, haikuwa na 3G, haikuwa na GPS, na mwaka wake wa kwanza haikukubali programu yoyote ya nje kwa njia rasmi. Duka lake la programu lilifunguliwa Julai 2008. Kwa kipimo cha programu, basi, iPhone ya 2007 ilikuwa na ujanja pungufu kuliko 6600 ya 2003. Najua wengi watabisha. Lakini kubisha huko kunatokana na kuupima ujanja kwa umbo. Duka lilipofunguliwa, mambo mawili yakakutana kwenye mwili mmoja, na mashindano yakageuka.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya Oktoba 2008, inaonyesha kwamba hata wapinzani hawakuwa na uhakika bado: ina kioo cha kupangusa, ina kibodi ya kusukuma chini yake, na ina kipira pia. Wameweka majibu yote kwa pamoja.

Umbo likishakuwa moja, kuliiga ni rahisi. Masoko yetu yalijaa simu zenye sura ya iPhone au ya Nokia za bei, kioo kikubwa, laini mbili, hata antena ya televisheni, na ndani mfumo usiokubali programu yoyote ya maana. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia usiku wa 16 Juni 2016, na watu wakazoea kubonyeza *#06# kisha kutuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 kabla ya kulipa. Hapo mnunuzi alilazimika kuuliza kilichomo ndani. Upande wa pili, mwaka 2019 Vodacom ilileta Smart Kitochi, yenye batani za namba na kioo kidogo, inayotumia mfumo endeshi wa KaiOS na kuingia intaneti. Aliyeiona kwa mbali alidhani ni kiswaswadu.

Kama una simujanja ya zamani kabatini, jambo la kuangalia ni kama bado kuna anayeuandikia mfumo wake programu. WhatsApp iliacha kuhudumia Symbian Juni 2017, na BlackBerry za mfumo wa zamani mwishoni mwa mwaka huo. Huduma za BlackBerry zenyewe zilizimwa 4 Januari 2022. Kibodi inaweza kuwa nzima, bawaba ngumu kama siku ya kwanza, Nokia ya zamani ikashika laini na kupiga simu vizuri kabisa. Imerudi kuwa simu ya kupiga na kupokea, na kwa bei ya simu ya namna hiyo ndiyo inayostahili kuuzwa.